Siku akina mama wa Fizi walipoaminiwa

Februari 2011, wanawake 49 walisimama mmoja baada ya mwingine mbele ya mahakama ya kijeshi iliyokuja kukaa Baraka, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, wakaeleza ubakaji na ukatili waliotendewa na askari wa jeshi la nchi yao jioni ya Mwaka Mpya. Baadhi yao walijifunika vitambaa wasitambulike. Anayezijua Fizi na Baraka anajua kwamba kitambaa hakifichi mengi: kule mama hutambulika kwa sauti, kwa mwendo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kila aliyeshuka kutoka Fizi mlimani hadi Baraka kando ya ziwa Tanganyika alijua kwamba jirani atajua, na mume atajua, na watoto wataulizwa maswali shuleni. Alishuka hivyo hivyo.

Tarehe 21 ya mwezi huo mahakama ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware, kamanda wa askari wale, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Maofisa watatu waliokuwa chini yake walipewa miaka 20 vilevile, na askari wengine watano kati ya miaka 10 na 15. Mashariki mwa Kongo palikuwa hapajawahi kuonekana kamanda wa ngazi hiyo akitiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo. Magazeti ya dunia yaliandika kwa wiki moja, kisha yakahamia kwingine.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya sheria, na ni haki yake. Lakini kila ninaposikia watu wakizungumza juu ya kujithamini, semina zikifanyika, wahubiri wakiwahimiza vijana wajikubali, mawazo yangu hurudi kwenye mahakama ile ya Baraka. Siijui sehemu nyingine ya kanda yetu ambako swali hili limeulizwa kwa uzito kama ule: mtu aliyefanywa si kitu mbele ya watoto wake, arudi vipi kujiona kuwa ni mtu?

Maana utu huo ndio uliolengwa. Askari anayeingia nyumbani na kumbaka mama mbele ya familia yake hatafuti mwili tu. Anataka mji mzima uamke kesho ukiwa umeinamisha kichwa. Na kazi hiyo ikishaanzwa na mwenye bunduki, mara nyingi huendelezwa na watu wa nyumbani. Hapa sisi wenyewe tunapaswa kusema kweli. Katika Kivu zote mbili, wanawake wengi waliobakwa wamefukuzwa na waume zao, wengine wametengewa sahani na godoro, wengine wamechekwa kisimani. Binti huulizwa nani sasa atakuja na mahari. Mtoto aliyezaliwa baada ya tukio hupewa jina la kumkumbusha kila mtu alikotoka. Askari alikaa saa moja, ila maneno ya shangazi na wifi yanakaa miaka.

Maneno hayo yakisemwa kwa muda mrefu, mwenyewe huanza kuyasema bila kusaidiwa. Ni kosa langu, nisingekwenda shambani peke yangu. Mimi ni mchafu. Sistahili kukaa na akina mama wenzangu kanisani. Huko ndiko kujithamini kunakofia, na dalili zake si za kishairi hata kidogo. Mama anaacha kulima kwa sababu haoni faida ya kulima. Anaacha kumpeleka mtoto zahanati. Anaomba bei ya chini sokoni kwa karanga zake nzuri kwa sababu hawezi kumtazama mnunuzi usoni. Watu wa nje huiita hali hiyo uvivu.

Kuna utafiti mmoja uliofanyika huku kwetu mashariki ambao ningependa kila mwalimu, mchungaji, shehe na chifu wa Fizi aujue. Ulichapishwa Juni 2013 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Watafiti wakiongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa kushirikiana na shirika la misaada la kimataifa la IRC, walifuatilia wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono katika vijiji 15 vya mashariki mwa Kongo. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata tiba ya mazungumzo kwa vikundi: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya pamoja. Katika vijiji 8 vilivyobaki, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida wa mshauri, kila mmoja kwa wakati wake alipouhitaji.

Mwanzoni, pande zote mbili, zaidi ya theluthi mbili ya wanawake walikuwa na dalili nzito za sonona au wasiwasi mkubwa. Miezi 6 baada ya tiba kumalizika, waliokuwa bado na hali hiyo katika vikundi walikuwa asilimia 9. Kwa waliopata msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42. Hata hao walipata nafuu, na hilo si dogo. Lakini tofauti kati ya 9 na 42 ni watu: ni akina mama waliorudi kulima, kupika, kucheka na kugombana na waume zao kama watu wengine.

Tiba yenyewe haikuwa na ufundi wa kutisha. Kiini chake kilikuwa kumsaidia mama alitambue wazo lililokwama kichwani mwake, alitoe nje, alipime kama wazee wanavyopima shauri la shamba. Unasema ni kosa lako. Nani alikuwa na bunduki? Nani alichagua saa? Kama ingekuwa dada yako, ungemwambia ni kosa lake? Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, hivyo walitumia picha na alama badala ya karatasi za kujaza, wakakariri hatua kama tunavyokariri hadithi za bibi. Na haya yalifanyika kwa lugha za huku, Kibembe kikiwamo.

Waliotoa tiba hiyo ndio wanaonifurahisha zaidi. Hawakuwa madaktari wa akili walioletwa kwa ndege. Walikuwa wanawake Wakongo, wasaidizi wa kijamii ambao katika Kivu tumezoea kuwaita APS, wenye elimu ya sekondari na uzoefu wa kuwasikiliza wenzao. Walifundishwa, wakasimamiwa kwa karibu, wakafanya kazi ambayo wataalamu wengi waliamini haiwezekani mahali penye vita, ambako mgonjwa anaweza kukimbia kijiji kesho asubuhi.

Nimetaja kikundi mara kadhaa kwa sababu humo ndimo dawa ilimokuwa. Mama mmoja anapomsikia mwenzake akisema lile lile alilodhani ni lake peke yake, uongo hupungua nguvu. Anamhurumia mwenzake, kisha anashangaa mbona yeye mwenyewe hajawahi kujihurumia. Mahakama ya Baraka ilifanya jambo linalofanana na hilo mbele ya watu: waamuzi waliovaa sare, jeshi lile lile lililowaumiza, waliandika maneno yao, wakayapima na kusema ni ya kweli. Mtu aliyeambiwa kwamba aibu ni yake akaonyeshwa hadharani mwenye aibu ni nani.

Wasomi wa nchi nyingine wamekutafuta kujithamini kwa njia nyingine. Mwaka 1965 Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha kitabu juu ya vijana na jinsi wanavyojiona, ndani yake akaweka kipimo cha sentensi 10 tu ambacho hadi leo ndicho kinachotumika zaidi duniani kupima kujithamini. Mwaka huo huo, hapa Fizi, vijana wa umri ule ule walikuwa mstari wa mbele katika uasi wa Wasimba dhidi ya serikali, na Che Guevara alikuwa milimani pamoja nao tangu Aprili hadi Novemba. Hakuna aliyewauliza wao wanajionaje.

Miaka ya baadaye Marekani ililibeba wazo hilo kwa pupa. Jimbo la California liliunda tume maalumu mwaka 1986, kwa imani kwamba watoto wakifundishwa kujipenda, basi uhalifu, ulevi na kufeli shule vitapungua. Walimu wakaanza kusifia kila kitu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba sifa za bure hazimfanyi mtoto afaulu. Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume: mtoto alifaulu jambo, ndipo akajiona anaweza. Waligundua pia kwamba wapo watu wakorofi, wababe, wanaojiona bora kabisa.

Hilo la mwisho sisi hatukuhitaji kuletewa na watafiti. Katika Fizi tumewaona wanaume waliojipa vyeo na kuogopwa barabara nzima, kuanzia Mboko hadi Lulimba, na wote walijiona wakubwa. Mwenye kujithamini kwa afya hahitaji mwingine ainame ili yeye aonekane mrefu. Kijana anayeingia porini mara nyingi husukumwa na njaa, na hofu, na ardhi ya baba yake iliyochukuliwa. Lakini muulize yeyote aliyekaa na vijana waliotoka porini: pamoja na hayo yote kulikuwa na kiu ya kuitwa mtu. Nyumbani hakuwa na shamba, hakuwa na mahari, wazee hawakumpa nafasi ya kusema barazani. Bunduki ilimpa heshima kwa siku moja. Anayetaka kumtoa huko kwa kumpa sabuni na sufuria bila kumpa kazi ambayo watu wataihitaji, asishangae kijana akirudi msituni.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao, na naona haya kwamba vijana wengi wanalijua kwa jina tu. Bwami, chama cha mafunzo na vyeo cha Walega na jirani zao Wabembe, kilimpandisha mtu ngazi kwa ngazi kwa mafundisho, mithali na mwenendo wa upole. Nguvu za mkono hazikumfikisha mtu juu. Kwa Walega, mwanamume hakuweza kufika daraja la juu kabisa bila mke wake naye kuwa ameingizwa katika daraja lake. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho katika miaka ya 1940, ikikiona ni hatari. Mtu anaweza kubishana juu ya mengi katika desturi za zamani, lakini fundisho kwamba ukubwa hupatikana kwa kujizuia, na kwamba mume hapandi huku mke amebaki chini, lilikuwa ni ujenzi wa kujithamini kabla wengine hawajauandikia vitabu.

Sheria ya nchi ilichukua muda mrefu zaidi kuliona hilo. Chini ya Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, mke Mkongo alihitaji ruhusa ya mumewe kwa mambo mengi ya kisheria: kusaini mkataba, kwenda mahakamani, kuahidi jambo kwa jina lake. Sharti hilo liliondolewa Julai 2016 tu. Wake za watu waliosimama Baraka mwaka 2011 walikuwa, kwa maandishi ya nchi yao, bado watu wa kuomba ruhusa. Na katika vijiji vingi habari ya mabadiliko hayo bado haijafika.

Mahali ambapo mama wa Baraka anaonekana kwa jina lake ni kwenye AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na sasa umeenea sehemu nyingi za Afrika, ukikutana huku kwetu na likelemba, ile michango ya zamu kwa zamu tuliyokuwa nayo tangu zamani. Wanachama wapatao 15 hadi 30 hukutana kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kila mmoja huitwa, husogea, hununua hisa zake mbele ya wote, na kitabu chake hupigwa muhuri. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko wanagawana akiba na faida. Muuza ndagaa aliyekopa akarudisha kwa wakati haambiwi na mtu kwamba ana thamani. Muhuri uko kwenye kitabu, na wenzake wamekubali kumpa ufunguo. Watafiti walipofuatilia vikundi vya namna hii vya wanawake walionusurika ukatili katika Kivu Kusini, waliona kwamba chakula nyumbani kiliongezeka na unyanyapaa ulipungua. Jirani aliyekuwa akimcheka alianza kumkopa.

Daktari Denis Mukwege, mwana wa Kivu aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, aliona katika chumba cha upasuaji kwamba tiba ya mwili peke yake haitoshi. Hospitali yake ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, ilikuwa ikiwashona wanawake na kuwaruhusu, kisha baadhi yao wakarudi wameumizwa tena, au wamefukuzwa, au wamekata tamaa kabisa. Ndiyo maana Panzi iliongeza juu ya tiba ya mwili tiba ya moyo, msaada wa kisheria, na mafunzo ya kazi za kumpatia mtu kipato.

Kuna kundi jingine ambalo Baraka inapaswa kulitazama vizuri zaidi, nalo ni waliorudi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi walioijaza walitoka Fizi. Tangu mwaka 2005 maelfu walivushwa ziwa Tanganyika wakarudi. Wamo waliozaliwa kambini, waliosoma kwa mtaala wa Kongo wakiwa chini ya mahema, wanaozungumza Kiswahili cha Kigoma. Kule waliitwa Wakongo. Wakifika nyumbani wanaitwa wakimbizi, na mara nyingine jina hilo hutolewa kama tusi wakati wa ugomvi wa shamba. Kijana wa namna hiyo anaweza kuwa amebeba elimu nzuri kuliko wenzake, lakini hupunguza sauti ili lafudhi isimsaliti.

Na watoto wetu wa nyumbani, ambao hawakuvuka ziwa? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, lakini saa kumi na mbili asubuhi katika nyua za Baraka utasikia mtoto akiitwa mjinga, mbwa, mchawi, mzigo, kabla hajanawa uso. Darasani matokeo husomwa kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho husimama ili wengine wamwone. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hana pumzi ya kumtazama kila mmoja. Simlaumu. Lakini kumwita mtoto kwa jina lake hakugharimu kitu. Wala kumwonyesha hasa alichofanya vizuri: umechota maji bila kuagizwa, hesabu hii ya tatu umeipata kwa njia yako mwenyewe. Sifa ya namna hiyo mtoto anaweza kuihakiki, na kwa sababu hiyo anaiamini. Ukimwambia kila siku kwamba yeye ni bora kuliko wote, atajua unamdanganya siku atakapokutana na wote.

Wala nisieleweke kwamba moyo ukijengwa, mengine yatajiweka sawa. Mama anayejithamini kikamilifu bado anaweza kufukuzwa shambani na risasi. Anahitaji barabara, ulinzi, maji yasiyo na kipindupindu. Tena kujithamini humfanya ayadai hayo kwa sauti kubwa zaidi, na labda ndiyo sababu watawala wengi hawana haraka nako.

Madai yapo mawili. La kwanza ni fidia. Desemba 2022 Kongo ilipitisha sheria ya kuwalinda na kuwafidia wahanga wa ukatili wa kingono wa vita na uhalifu mwingine mkubwa, na kuunda mfuko wa fidia unaojulikana kama FONAREV. Katika kesi nyingi za aina ya ile ya Baraka, fidia zilizotangazwa na mahakama zilibaki kwenye karatasi. Kulipa si suala la fedha tu kwa mwanamke aliyefunua maisha yake mbele ya waamuzi. Taifa lililomwamini kwa maneno mwaka 2011 linapaswa kuonyesha kwamba lilimaanisha. Kusini mwa mkoa, kuanzia Fizi, kuwe na orodha iliyo wazi, na wahusika wasikilizwe kwa lugha yao.

La pili ni dogo kwa gharama na kubwa kwa matunda. Teritori ya Fizi ina maeneo ya afya ya Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe. Kila kituo cha afya kina muuguzi kwenye orodha ya watumishi. APS, yule mama wa sekondari ambaye utafiti umeonyesha anaweza kuwapunguza wagonjwa wa moyo uliovunjika hadi 9 katika kila 100, mara nyingi yupo pale mradi unapokuwapo, na mradi ukifungwa naye huondoka na daftari lake. Aingizwe kwenye orodha ileile ya muuguzi, apewe mshahara uleule wa kudumu na msimamizi wa kumtembelea, na awekewe chumba chenye mlango unaofungwa, ili mama akija kutoka Lulenge kwa miguu amkute.